Sellah Aliyetaka Kusikia Bungoma

Wivu wa Sellah ulijulikana na kila dereva, na yeye mwenyewe hakujisumbua kuuficha. Miaka ya themanini yote alikaa katika ofisi ya malori ya mahindi mjini Kitale, mikrofoni mkononi, akiyaongoza magari ya Moi's Bridge na Bungoma. Siku hizo redio ilikuwa ya wote: ukimwita mmoja, wote wanasikia. Kwa hivyo mume wake Barasa, dereva wa kampuni hiyo hiyo, hangetaniwa na mtu hewani Sellah asijue. Raha iliyoje!

Halafu ikaja mitambo ya milio. Fundi Kipruto akamweleza kwamba kila ofisi na kila gari litapewa mlio wake. Ukiubonyeza, redio ya gari hilo peke yake inafunguka, nyingine kimya.

"Hata Bungoma wataita gari moja tu?"

"Ndiyo, mama. Makelele yameisha."

Yameisha! Roho ilimruka Sellah. Kwenye redio ya ofisi ya Bungoma alikuwa Dinah, mwanamke wa sauti laini, na sauti hiyo Sellah aliichukia kuliko njaa. Sasa Dinah aongee na Barasa faraghani? Thubutu!

Kipruto alipomwachia agawe milio, Sellah akaligawia gari la Barasa mlio ule ule wa ofisi ya Kitale. Fundi akakuna kichwa. "Lakini mama, Bungoma wakiita gari hii, hapa kwako pia itafunguka."

"Si ndiyo inabeba mbegu? Sitaki inipotee, bana. Weka."

Akaweka.

Tangu hapo, Dinah akimwita Barasa, Sellah anabana pumzi na kusikiliza. Alisikia nini? Magunia. Matope ya Kamukuywa. Magunia tena. Mpaka Alhamisi moja jioni Dinah akauliza, "Barasa, umekula lakini?"

"Bado."

"Pole. Ukifika, viazi viko."

Viazi! Sellah hakulala. Asubuhi Dinah akaita Kitale, akauliza habari ya mzigo wa Matulo. Sellah hakujibu habari ya huo mzigo.

"Wewe Dinah, bwana yangu umlishe wewe? Huna wako?"

"Sellah, viazi ni vya madereva wote. Hebu tuongee kazi."

"Kazi gani! Mwanamume nikimgusa usiku ananigeuzia mgongo, ati amechoka. Amechokea wapi kama si kwako?" Akaendelea, hasira imempanda kichwani, akayamwaga ya kitandani yote, ambayo hata kwa dada yake hakuwahi kuyasema.

Alipoondoa kidole kwenye kitufe cha mikrofoni, akasikia mngurumo wa lori.

"Sellah." Ilikuwa sauti ya Barasa.

Alikuwa amewaza sikio lake tu. Mlio ni mmoja. Anayeita Kitale ameita na gari la Barasa.

"Baba yuko hapa kando yangu," Barasa akasema. "Nampeleka hospitali Webuye."

Baba mkwe! Kwa Wabukusu, mke wa mtoto na baba mkwe hata mkono hawapeani. Tangu aolewe, Sellah hakuwahi kuketi karibu na yule mzee, wala kumtazama usoni.

"Mwambie... Barasa, mwambie mzee anisamehe."

"Nimwambie vipi? Ameshuka. Anatembea na huo mguu wake mbaya, ati hawezi kukaa kwa gari yenye sauti yako."