Glavu Chini ya Kisu

Mtaani kwetu wanamwita Nyuzi, na jina hilo amelipata kwa haki. Kabla hajaanza kuhangaika na mota na kompyuta alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na mshono wake ulinyooka hata upande wa chini wa kiti, ambako hakuna atakayeinama kutazama. Namheshimu kwa hilo. Mtu anayefanya kazi safi mahali pasipoonekana ni mtu wa kuaminiwa. Hata hivyo unadhifu nao una hila zake, na safari hii ulimponza.

Mgongo ulipomkatalia kuinama, aliachana na viti. Katika banda la nyuma ya nyumba anayoishi na kaka yake na shemeji yake, mke wa kaka huyo, akaunda mashine ya kukata soli za ndala. Mwili wake ni chuma cha kitanda kilichokatika miguu. Mota ilitoka kwenye mashine ya kufulia iliyotupwa. Ubongo wake ni kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ambayo Nyuzi alijifunza kuiandikia maagizo kwa kusoma na kukosea, kusoma na kukosea, mpaka macho yakaanza kumwagika machozi yenyewe.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mota huvuta shiti ya mpira hadi chini ya kisu chenye umbo la wayo. Shemeji hunyoosha ukingo wa mpira kwa mikono, huitoa mikono, kisha hukanyaga pedali. Kompyuta ikipata habari ya pedali hufungua vali, hewa ya kompresa huingia kwa nguvu, kisu hushuka. Vali ikifunga, springi hukirudisha juu. Soli moja, nyingine, nyingine tena, siku nzima.

Asubuhi moja kisu kilishuka bila kuitwa.

Shemeji alikuwa ameinua mkono kukaza kitambaa cha kichwa. Kisu kikashuka pale pale mkono huo ulipokuwa punde tu kabla. Hakupiga kelele. Alitazama mguu wake kwanza, kama mtu anayemshuku mtoto wake mwenyewe.

"Shemeji, umekanyaga?" Nyuzi aliuliza.

"Mguu huu hapa juu ya kigoda, nimevua na kiatu. Labda imekanyagwa na shetani wako."

Nyuzi akachomoa plagi. Halafu akaikata kabisa kutoka kwenye waya wake na kuitia mfukoni, kwa sababu anamfahamu kaka yake.

Kaka huyo ndiye anayepeleka soli kwa mafundi wa ndala. Si mtu mbaya. Ni mpole, na mkewe anampenda. Lakini ana ugonjwa ulioenea sana siku hizi, ugonjwa wa kusema "itakuwa sawa tu". Alifika akakuta banda kimya, kompresa imelala.

"Mdogo wangu, imekosea mara moja. Kwani wewe hukosei?"

"Mimi nikikosea simkati mtu vidole."

"Basi awe anauangalia mkono wake."

"Niuangalie mkono au niuangalie mpira?" mkewe akamkatiza. "Macho nimepewa mawili, na yote yanatazama upande mmoja. Kama wewe una ya ziada, njoo ukae hapa."

Kaka akacheka, lakini hakwenda kukaa pale.

Nyuzi alichukua glavu kuukuu ya shemeji, ile ya kufulia, akaijaza vitambaa mpaka vidole vikasimama, akailaza chini ya kisu. Akafunga plagi mahali pake, akaanza kuwinda. Kwanza alishuku vali. Labda takataka imeingia, haifungi vizuri, hewa inapenya. Akaitoa, akaisafisha, akapuliza, akaweka nyingine ya akiba. Kisha akaing'oa kabisa na kuweka taa ndogo mahali pake, ili aone kama kompyuta inatoa amri ya kufungua hata pedali ikiwa haijaguswa. Mota ikazunguka na kusimama, ikazunguka na kusimama. Taa haikuwaka. Chai yake ikapoa, ikafunga utando juu. Akairudisha vali, akaiacha mashine iendelee hadi jioni. Glavu ililala pale salama.

"Unaona? Imepona," kaka akasema kesho yake.

"Haijapona. Imenyamaza."

Wengi wangekubali imepona. Kosa linaloonekana ni rahisi, unalishika na kulitoa. Linalojificha ndilo linalomla mtu. Unashindwa kulala, na ukilala unaamka unalifikiria. Nilimkuta siku hiyo amekaa kwenye kigoda, bisibisi mkononi, hafanyi lolote. Nilimwuliza hali. Akasema, "Nimechoka mpaka kwenye meno." Sikumwambia apumzike. Kupumzika kwake kungekuwa ruhusa kwa kaka yake kuwasha mashine.

Shemeji akaingia na ndoo ya maji, akatazama ile glavu.

"Bado unaupapasa mkono wangu wa bandia?"

"Bado."

"Na mpira uko wapi? Mbona meza tupu?"

"Sitaki kuharibu mpira bure."

Shemeji akaweka ndoo chini. "Ndiyo maana. Unaijaribu ikiwa imekaa tu. Siku ile ilikuwa inavuta ule mpira mzito, inagugumia kama mtu anayepanda ngazi na gunia la saruji."

Nyuzi aliinuka kwenye kigoda. Alirudisha ile taa mahali pa vali, akabeba shiti nzito, akaiweka. Mota ikaanza kuvuta, ikaguna, na mara ile ile ilipoguna, taa ikapepesa. Pedali haikuwa na mguu juu yake. Akarudia. Ikapepesa tena.

"Mwite mume wako," akasema.

Kaka alisimama mlangoni. Nyuzi akafunga vali mahali pake, akawasha. Mota ikaguna, hewa ikapiga mluzi, kisu kikashuka. Vitambaa vikachomoza kwenye glavu iliyokatwa, na vidole vyake vikaanguka sakafuni bila sauti. Kaka aliinama akakiokota kimoja. Alikigeuza geuza, akamtazama mkewe mikono, akatoka nje. Siku hiyo hakusema tena itakuwa sawa.

Iliyobaki ilikuwa kutafuta njia ya kosa. Nyuzi aliirudisha tena taa mahali pa vali, akachomoa waya wa pedali pale unapoingia kwenye kompyuta. Mota ikaguna ilivyotaka. Taa haikuwaka hata kidogo. Basi kosa halikuwa kwenye vali wala kwenye maagizo aliyoandika. Lilikuwa linakuja kupitia waya ule. Akaufuata kwa kidole tangu kompyuta hadi pedali, na alipofika katikati akasimama.

Ni hapa ninapomwonea huruma. Alipokuwa akiunda mashine, hakuvumilia waya zilizotawanyika. Alizikusanya zote, nene na nyembamba, akazifunga kwa uzi wa nta aliokuwa akishonea viti, fundo kila shubiri, mafundo yote yakitazama upande mmoja. Kila aliyeingia bandani alisifu fungu lile kabla ya kuisifu mashine. Na ndani ya fungu hilo waya mwembamba wa pedali ulilala ubavuni mwa waya za mota mwendo mzima. Mota ikivuta kitu chepesi, jirani huvumilia. Ikizidiwa, hutupa mshtuko wa umeme, na mshtuko huo huingia kwenye waya wa pedali kama kelele inavyopita ukutani. Kompyuta haijui kelele. Inajua mguu tu.

Alichukua wembe, ule ule wa kufumulia mishono, akakata fundo moja moja. Hakuharakisha. Alikuwa na uso wa mtu anayefumua kiti alichokishona mwenyewe.

Waya wa pedali akaupitisha upande wa pili wa chuma, peke yake, ndani ya ganda la wavu wa chuma lililounganishwa na ardhi. Akaiagiza kompyuta isiamini pedali mpaka ibanwe na kutulia kidogo. Hakuishia hapo, na hili ndilo ninalolisifu kuliko yote. Aliweka vitufe viwili, kimoja kila upande, mbali kiasi kwamba kila kimoja kinahitaji mkono wake, akapitisha umeme wa vali ndani ya vitufe hivyo. Hata kompyuta ikichanganyikiwa kabisa, haiwezi kushusha kisu kama mikono yote miwili haiko nje.

"Si itakuwa polepole?" kaka akauliza, kwa sauti ya chini.

"Itakuwa."

Glavu akaishona upya, mshono umenyooka. Ikashinda chini ya kisu kutwa, mpira mzito ukivutwa, mota ikiguna. Haikuguswa.

Kesho yake shemeji aliingia, akaitoa glavu, akaitundika msumarini.

"Ngoja," Nyuzi akasema. "Nianze mimi kuweka mkono."

"Wa nini? Wako utawekwa leo tu. Wangu ndio wa kukaa hapa kila siku. Washa."

Akawasha. Mota ikaguna. Shemeji akaweka mikono yote miwili chini ya kisu, akanyoosha ukingo wa mpira, taratibu kuliko ilivyohitajika. Nyuzi hakuweza kutazama. Alikaza macho ukutani, kwenye waya ule mpya uliolegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Hakuna kilichoshuka. Shemeji akatoa mikono, akakanyaga pedali, akabana vitufe viwili. Kisu kikashuka kwa amri yake, kikapanda. Akaokota soli, akaitupa kwenye kikapu.

"Shemeji," akasema, akivuta mpira mwingine, "huo waya unaning'inia vibaya."

"Uache uning'inie," Nyuzi akajibu, akakaa chini.