Nafasi Yangu Ilivyokwenda Ngenge

Jumuiya yetu ya Kanazi ilisali nyumbani kwangu, watu wamekaa kwenye nyasi nilizotandaza sebuleni kwa desturi ya kwetu. Katekista akafundisha kwamba historia haizunguki kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mungu anaipeleka mahali, na kila mmoja hupewa nafasi yake humo. Kisha akaniomba nikafundishe dini kwenye kigango kipya cha Ngenge, kanisa dogo lililo mbali na kwetu.

“Nasubiri saa ya Mungu,” nikajibu. “Na migomba yangu nimwachie nani?”

Dada yangu akacheka. “Kaka, mitume waliacha nyavu, wewe unashindwa kuacha mgomba?”

Nilinuna. Jumapili iliyofuata, aliyebarikiwa mbele ya altare kwenda Ngenge alikuwa dada huyohuyo. Sasa mimi, niliyeumbwa kwa kusudi, nimeachiwa kuku wake, na hata wao hawanisikilizi.