Roshani ya Babu wa Babu

Roshani ya nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilitengenezwa na baba yangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimesema vingine. Baba alikuwa karani bandarini Kilindini, na mbao alizipata kwenye makasha ya mitambo yaliyokuwa yakitupwa. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemshikia misumari. Mbao nyingine zilikuwa na herufi nyeusi kwa upande wa ndani, na dada alijifunzia kusoma hapo, maana yeye hakupelekwa skuli. Mimi nilipelekwa.

Nilipomaliza sekondari walikuja wapimaji wa majengo ya kale. Mtaa ukanichagua mimi niwazungushe, kwa kuwa Kiingereza nilikijua. Kwetu, umri wa nyumba ndio umri wa ukoo, na jirani mmoja hakuchoka kututania barazani: "Nyinyi ni wa juzi. Hata chokaa yenu haijakauka!" Basi siku moja kabla ya wapimaji kufika kwetu nilichukua msasa, nikazifuta zile herufi, nikapaka masizi na mafuta mpaka mbao zikaonekana zimekula chumvi ya miaka. Walipouliza roshani ni ya nani, nikajibu, "Ya babu wa babu yangu. Ndiyo kongwe kuliko zote mtaani." Wakaandika, nami nikatia sahihi.

Jirani hakututania tena. Dada ndiye aliyefagia vumbi la msasa.

Sasa dada haziwezi ngazi, magoti yamekataa. Anaishi juu, na ile roshani ndiyo iliyokuwa njia yake: akishusha kikapu kwa kamba apate mchicha na ndimu, akisalimiana na wapitao, akijua nani kaoa na nani kagombana. Mbao zikaoza. Fundi akasema atakayekanyaga ataanguka nayo, tukaupigilia mlango wake misumari. Chumba kikawa kiza mchana kutwa.

Niliomba ruhusa kwenye ofisi ya majengo ya kale niitoe, niweke dirisha pana la kawaida. Nikakataliwa. Barua ilisema roshani iliyo kongwe kuliko zote mtaani haitolewi. Itengenezwe upya kwa mti wa aina ileile, na fundi anayetambuliwa, nasi tungoje zamu yetu. Niliisoma barua mara mbili. Maneno yale niliyajua, yalikuwa yangu.

Waongozaji huwaleta wageni kutoka Ngome ya Yesu, wakasimama chini yetu na kunyoosha vidole. Dada huwasikia akiwa kitandani.

"Waambie na mimi ni wa kale," huniambia. "Wanipige japo picha moja."

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kukiri. Afisa, msichana wa bara mwenye adabu zake, akaja nyumbani siku ya pili.

"Mzee, una ushahidi?"

"Palikuwa na herufi za makasha."

"Ziko wapi?"

"Nilizifuta."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenikemea. "Yupo mwingine anayejua?"

"Yupo. Dada yangu."

Asubuhi ile nilikuwa nimemsihi dada aseme kweli. Alinijibu, "Tutaona." Nikampandisha mgeni juu na kuwasha taa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Bibi, roshani hii ilitengenezwa na nani?"

Dada akanigeukia. Tulilelewa kwamba ndugu hamuumbui ndugu yake mbele ya mgeni, hata nyumba ikiwaka moto. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenifunza hilo.

"Ya babu wa babu yetu," alisema. "Ndugu yangu amezeeka, fahamu zinamruka. Msamehe."

"Dada! Si wewe uliyeshika misumari?"

"Misumari gani? Mwanangu, kunywa kahawa, usimsikilize huyu."

Msichana akatabasamu, akaandika, akatuombea afya. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikizidi kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonipigapiga bega, kama ninavyofanya mimi kwa wazee waliochanganyikiwa.

Nikarudi juu. "Mbona umenifanyia hivi?"

"Nikuite mrongo mbele ya mtoto wa watu?"

"Na dirisha lako je?"

"Ungeniuliza kabla ya kuchukua msasa," alisema. "Zile herufi nilikuwa nikizipenda."

Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba nilichofuta kilikuwa chake.

Chini kulisikika nyayo, kisha sauti ya mwongozaji ikiwakusanya wageni chini yetu.

"Zima taa, tusikilize," dada alisema. "Huyu husimulia vizuri."

Nikazima. Nikakaa kando ya kitanda chake, kizani, saa nne ya asubuhi, nikasikia urongo wangu ukisimuliwa kwa lugha nisiyoijua.