Cheupe, Baba

Mpiga picha za vitambulisho hana mswalie mtume. Hata mama mkwe wake aliinuliwa kidevu kwa vidole viwili na kufokewa, "Usicheke!" Wa chuo huwatundikia nyuma kitambaa cha buluu, wa jeshi cheupe. Leo ameketi binti yake, aliyebakiza mwaka mmoja chuoni, naye baba akatundika cha buluu bila kuuliza.

"Cheupe, baba."

Mkono ukaganda kwenye msumari. "Mwaka mmoja tu, mwanangu."

"Chuo kitanisubiri. Jeshini mwakani watasema nimepita umri."

Akabadilisha kitambaa, akanyoosha mikunjo isiyokuwepo, akapiga. Binti akataka kuinuka.

"Kaa hapo," akasema. "Hiyo ni yao. Sasa cheka, nipate yangu."