Nyayo Arobaini na Nane

Mlingoti alikuwa amebakiza mruko mmoja, na nafasi kwenye timu ya taifa ilikuwa moja vilevile. Aliyemzuia asiipate ni mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuruka juu nyumbani, kwa kamba ya kuanikia nguo na magodoro mawili waliyoyatoa chumbani bila mama kujua.

Jina la Mlingoti alibandikwa shuleni kwa urefu wake. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa bingwa wa nchi. Akiwa na ishirini na saba alivunjika kifundo cha mguu, akakaa nje misimu miwili, asubuhi akipanga barua posta, jioni akiuguza mguu. Sasa alikuwa na thelathini na moja. Kocha hakumficha: asipochaguliwa leo, ndiyo basi tena.

Ufito ulikuwa umewekwa kimo cha mita moja na sentimita themanini na nane. Mdogo wake aliuvuka mara ya kwanza tu. Mlingoti aliuangusha mara mbili, tena kwa ujinga uleule: alifika juu mapema, akaushukia kwa mgongo. Mdogo wake akaja kuchuchumaa mbele ya benchi.

"Dada, alama yako ya kuanzia umeipima na hivyo viatu?"

"Sasa nipime na vya nani?"

"Si vipya hivyo? Na ulichukua saizi kubwa, kwa ajili ya kile kifundo."

Wenzake wote walipima kwa futi ya kamba. Mlingoti, mbishi tangu utotoni, alipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, arobaini na nane. Kiatu kipya kilizidi cha zamani kwa nusu sentimita. Kwa nyayo zote hizo ilikuwa shibiri nzima. Alikuwa akianzia mbali. Akaisogeza alama mbele.

"Haya, ruka," kocha alisema.

"Hata nikivuka hapa, yeye bado yuko mbele. Mimi nimeshaangusha mara mbili." Akamgeukia mwamuzi. "Kimo hiki napisha, nasubiri kinachofuata."

Mruko wake pekee uliobaki ukahamia mita moja na sentimita tisini na moja, kimo ambacho hakuwa amekivuka tangu avunjike. Kocha alishika kichwa.

Alikimbia, akapinda, akajitupa. Ufito ulitikisika, ukatulia. Bendera nyeupe ikapanda, naye akabaki chali kwenye godoro akilia waziwazi.

Sasa ilibaki miruko mitatu ya mdogo wake. Wa kwanza akaangusha. Wa pili akaangusha. Kutoka benchini Mlingoti aliliona kosa wazi: mtoto ana papara, anaingia karibu mno, bega linaugonga ufito wakati wa kupanda. Kurudisha alama nyuma hatua moja tu, basi.

Kabla ya mruko wa tatu mdogo wake alimtazama, akainua mabega kuuliza, kama alivyouliza miaka yote. Mlingoti aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Alisikia ufito ukianguka.

Mdogo wake alimjia moja kwa moja, akamkumbatia kwa nguvu zote. "Hongera, dada. Hivi mimi nilikuwa nakosea wapi?"

"Sikuona," Mlingoti alisema.