Fundi Tayari na Vipande vya Bosi

Mtoto akikaa sakafuni na kipande cha mbao, akakwambia ni gari, kisha kabla hujageuka akasema sasa ni samaki, wewe humsahihishi? Usinijibu haraka. Tunawasahihisha. Tunawanunulia gari lenye taa na honi, tunalibonyeza sisi wenyewe ili wasikie linavyoimba, halafu tunawanunia wakilichoka siku hiyohiyo. Nimesomea malezi ya watoto wadogo, nafundisha chekechea, na jambo hili nimewapigia wazazi kelele mpaka wengine wakiniona getini hujifanya wanapokea simu.

Lakini leo sikuja kuhubiri. Nataka nikusimulie habari za mjomba wangu, maana tangu yampate haya, kichwa changu hakijatulia, na pengine wewe utaona pale mimi nilipokwama.

Mjomba ni seremala. Karakana yake iko mbele ya nyumba, chumba kirefu chenye mlango mpana wa bati na dirisha moja linalotazama barabarani. Mimi naishi chumba cha uani. Mtaani wanamwita Fundi Tayari, wala hawamkejeli. Unawajua mafundi wengine. Unaagiza kitanda, unaambiwa njoo kesho. Kesho unaambiwa gundi haijashika. Mwisho unazoea kulala chini. Mjomba akisema Alhamisi, ukifika Alhamisi utakuta kitu chako kimesimama mlangoni, kimefutwa vumbi, na yeye ameegemea fremu na penseli sikioni. Atakwambia neno moja tu, "Tayari," basi. Kazi iliyoishia njiani inamnyima usingizi. Niliwahi kumwona na homa inamtetemesha, akaamka kwenda kupiga msasa mguu wa stuli ambayo hata mwenyewe hakuwa na haraka nayo.

"Lala, Mjomba," nilimwambia.

"Nitalalaje na ile inanitazama?"

Mjukuu wake anaishi naye. Mama wa mtoto ni binti pekee wa Mjomba, binamu yangu, ila kwa kuwa amenizidi umri namwita Dada. Ni nesi katika hospitali ya mji mwingine, zamu zake hazina mpangilio, kwa hiyo alimwacha binti yake kwa babu na huja kumwona Jumapili akipata nafasi. Mtoto bado hajafikia umri wa kuja chekechea kwangu. Tunamwita Bosi, kwa sababu tangu ajue kutembea hupita karakana nzima mikono mgongoni, akikagua.

Mali yote ya Bosi ilikuwa chini ya benchi la kazi, ndani ya ndoo iliyopasuka mdomo. Ni vipande vya mbao vilivyobaki baada ya msumeno kupita: vifupi, virefu, vingine vya pembetatu, kimoja kimepinda kama ndizi. Alivichagua mwenyewe. Kipande kikianguka alikuwa anakiokota, anakigeuzageuza, anakinusa, halafu ama anakitia ndooni ama anakirudisha kwenye maranda kwa dharau, kama mama anayechagua nyanya. Asubuhi alivipanga sakafuni vikawa foleni ya wagonjwa. Mchana foleni ikawa ukuta, ukuta ukawa treni, treni ikala maranda ikashiba ikalala. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nikitoka kazini, nikimtazama kama mtu anayetazama mpira. Nilitamani niwalete wazazi wote wa chekechea wapange mstari pale, waone kuhesabu kunavyozaliwa, waone mizani, waone hadithi. Hakuna aliyekuwa anamfundisha, na alikuwa anajifunza kuliko wanafunzi wangu wote.

Siku moja mteja, mama mmoja mcheshi aliyekuwa anasubiri kabati, aliinama akamuuliza, "Bosi, kabati langu limefikia wapi?"

"Muulize Babu. Mimi najenga."

"Unajenga nini?"

Bosi akatazama vipande vyake. "Sijajua bado."

Yule mama alicheka mpaka akashika benchi. "Fundi, huyu umempata wapi? Wewe huanzi hata kigoda bila kupima, mwenzio anajenga asichokijua."

"Huyo karithi kwa bibi yake," Mjomba akasema. Alitabasamu, lakini nilimwona akitupia jicho pale sakafuni kama mtu anayeona shati limetoka nje ya suruali. Ningelisoma jicho lile siku ile, haya yote yasingetokea. Sikulisoma.

Kisha Dada akaja Jumapili moja, amechoka, na begi lake begani, akamkuta bintiye amelala kifudifudi kwenye maranda, nywele zimejaa unga wa mbao, anaongea na kipande kidogo cha ubao chenye doa jeusi.

"Baba," alisema, "mwanangu anacheza na takataka."

"Si takataka. Ni mninga huo."

"Hata uwe dhahabu. Wenzake wanajua kuandika majina yao. Kuna kituo karibu na hospitali, wana midoli, wana picha ukutani, wana kila kitu. Yeye ana nini hapa?"

Nikaona zamu yangu imefika. Nikamweleza Dada kwamba kitu kisicho na jina moja ndicho kinachomkuza mtoto, kwamba mdoli unaoimba humfanya mtoto awe msikilizaji tu, kwamba kipande kile kile leo ni simu kesho ni mtoto mchanga, na katika kule kubadilika ndimo akili inamokua. Nilisema vizuri sana. Nilisema mpaka jasho likanitoka.

"Umemaliza, Mwalimu?" Dada akaniuliza. "Wewe huna mtoto. Una hotuba." Akamgeukia baba yake. "Jumapili ijayo nakuja na begi tupu. Nikimkuta hana kitu cha maana cha kuchezea, namchukua."

Mjomba akaanza kumpangusa Bosi unga wa mbao kwenye nywele. Tangu mkewe afariki, sauti pekee inayomjibu ndani ya nyumba ile mchana kutwa ni ya Bosi. Wiki ile alipiga randa huku anamtazama mtoto, mpaka akaikwaruza meza ya watu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Siku ya Alhamisi alimchuchumalia Bosi. "Leo ni nini hiki?"

"Nyumba," Bosi akasema.

Basi. Kwa Mjomba, mteja alikuwa ameagiza.

Ijumaa aliniomba niende na mtoto chekechea. "Nina kazi ya mteja, ina haraka kidogo." Sikujua kwamba mteja mwenyewe nilikuwa nimemshika mkono. Siku nzima Bosi alikaa kwenye kona ya darasa langu, akiwatazama wanafunzi wangu wanavyopanga vifuniko vya chupa, bila kugusa hata kimoja. Jumamosi asubuhi Mjomba akatukataza kabisa kuingia karakana. Mchana akatuita.

Ilikuwa juu ya benchi. Nyumba kubwa kama sanduku la nguo, na sijaona kitu kizuri kama kile mikononi mwa Mjomba. Kuta zake alizijenga kwa vipande vya ndooni vyenyewe, kila kimoja kimechongwa ukingo, kimepigwa msasa, kimebanwa na mwenzake kwa gundi mpaka ukucha haupiti. Ilikuwa na mlango unaofunguka, na kipande kilichopinda kama ndizi alikuwa amekifanya kizingiti. Mjomba aliegemea fremu ya mlango, penseli sikioni.

"Tayari," akasema.

Aliishusha sakafuni. Bosi akaisogelea. Akaufungua mlango, akaufunga. Akazunguka nyuma. Kisha akaenda chini ya benchi, akaitazama ndoo. Ilikuwa tupu. Akarudi, akaketi mbele ya ile nyumba, mikono mapajani, na machozi yakaanza kushuka bila sauti.

Mjomba akanitazama. "Kimemkera nini?"

"Umemmalizia, Mjomba."

"Si ndiyo kazi, kumaliza?"

"Vile vilikuwa vyake kuvibadilisha. Sasa haviwezi kuwa kitu kingine."

"Aliniambia nyumba. Nilimuuliza kwa mdomo wake." Alikuwa hagombani, alikuwa anauliza kwa dhati, uso umekunjamana. "Kwa hiyo fundi anatakiwa afanyeje? Akae tu? Mama yake anakuja kesho na begi, mimi nimwonyeshe ndoo?"

Chuoni walitufundisha umuhimu wa vipande. Hawakutufundisha umwambie nini babu aliyevigundisha kwa mapenzi. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nikakimbilia chumbani kwangu, nikaja na shehena yangu ya kufundishia: maboksi, kamba, vifuniko, mabaki ya vitambaa, vigurudumu vya plastiki vya kuzungushia nyuzi. Nikamwaga vyote mbele ya Bosi kama mtu anayemwaga hazina. Kila kimoja kingeweza kuwa chochote duniani. Bosi akavisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka vikampisha njia ya kuifikia nyumba. Hapo ndipo na mimi nilipopotea. Nyumba alikuwa anailalamikia, na vitu huru hakuvitaka. Alitaka nini?

Akaanza kukwaruza ukuta kwa ukucha. Si ukuta wote, ni mahali pamoja tu, upande wa nyuma.

"Anataka dirisha," Mjomba akasema, na nikaona mwanga unamrudia usoni. "Nilisahau dirisha la nyuma. Bosi, nikukatie dirisha?"

Bosi akatikisa kichwa.

"Ana hasira," nikasema mimi. "Anataka kuibomoa."

Nikampa nyundo ndogo kutoka benchini. Bosi akaiweka chini akaendelea kukwaruza. Mimi na Mjomba tukakaa sakafuni, kila mmoja upande wake, watu wazima wawili, mmoja na cheti na mwingine na sifa mtaa mzima, tukitazama ukucha wa mtoto na tusielewe hata chembe.

"Bosi, mwambie Babu," Mjomba akamsihi. "Ni nini hapo?"

"Hapo," Bosi akasema. Jibu lenyewe ndilo hilo.

Kabla jua halijazama Mjomba aliingia chumbani kwa mtoto. Nikamkuta anakunja magauni yake, moja moja, kingo kwa kingo, kama anavyokunja kitambaa cha kufutia vanishi. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nayaweka tayari," akasema. "Pengine mama yake ana haki. Mtoto simwelewi. Nilidhani namwelewa."

Nilitaka kumpinga, kwa hoja tatu nzuri. Nikagundua zote tatu zilikuwa kuhusu watoto kwa jumla, na hakuna hata moja iliyokuwa kuhusu huyu.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na msumeno. Mjomba hafanyi kazi Jumapili, kwa hiyo nilitoka hata shati sijafunga. Mlango wa karakana ulikuwa umefunguliwa nusu. Mjomba alikuwa amepiga magoti, ameishika nyumba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapitisha msumeno wa meno madogo kwenye ukuta wa nyuma. Maishani mwake hakuwa amewahi kukata kazi aliyokwisha kusema ni tayari, na ilionekana kwenye taya lake lililokaza. Bosi alikuwa amesimama pembeni, kidole mbele, anamwonyesha, na babu anafuata tu bila kumuuliza ni nini: hapa, shuka, sasa hapa.

Kipande kikatoka. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja, chenye doa jeusi la mviringo pale tawi lilipoota zamani. Bosi alikipokea kwa mikono miwili, akakipangusa kwenye gauni, akakiambia kitu sikioni, yaani pale kwenye doa. Kisha akaisukuma nyumba mpaka ikalala juu chini, paa sakafuni, akakiketisha kile kipande juu yake kama dereva.

Shimo la ukutani lilibaki na kingo zenye mikwaruzo. Mkono wa Mjomba ukaenda kwenye msasa wenyewe, bila yeye kuutuma.

"Bado," Bosi akamwambia, bila kugeuka.

Mjomba akautazama msasa. Akautia mfukoni, na mkono akaukalia.

Ndipo nikamwona Dada. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, begi tupu limening'inia begani.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "hicho ni nini?"

"Sijui," Mjomba akasema.

Dada akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anataka hotuba, na mimi sikuwa nayo. Nikainua mabega.

Bosi alimwona mama yake, akamkimbilia, akamkumbatia mapaja. Kisha akaliona begi. Akalivuta likashuka begani, akalifungua, akachungulia ndani kuhakikisha ni tupu, akaliburuta mpaka nyuma ya ile nyumba iliyopinduka, akaufunga mkanda wake kwenye mlango wa nyumba. Akaenda kwenye lundo langu la jana, lile alilolisukuma kwa mguu, akaanza kuchagua. Kifuniko hiki ndiyo, hiki hapana. Vilivyopita alivitia begini.

"Mama, shika hapa," akasema.

Dada alitazama begi lake, akamtazama baba yake aliyekalia mkono. Halafu akavua viatu vya safari, akachuchumaa kwenye maranda na sketi yake safi, akashika pale alipoonyeshwa.