Gwaride la Mikaratusi

Miguu ya Filda ndiyo iliyomlisha Ojera. Jambo hilo halikusemwa waziwazi pale mtaani Kansanga, kwa heshima ya mzee, lakini majirani wana macho. Kila asubuhi mama huyo, aliyestaafu polisi akiwa koplo, alivaa sare ya kampuni ya ulinzi akaenda Bukoto kulinda geti la jengo la ghorofa. Alifungulia magari, akapekua mifuko ya wageni, akafunga. Jioni alirudi miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na mumewe akamletea chai ya rangi.

"Vumilia, Mama Amito," Ojera alimwambia. "Miti nakuja kusaidia sisi."

Ojera alikuwa sajini, mwalimu wa gwaride. Makuruta waliopita mikononi mwake hawawezi kuisahau sauti ile, na wengine hawajamsamehe mpaka leo. Alipostaafu alinunua kipande cha ardhi mteremkoni, kupita Matugga, akapanda mikaratusi. Aliambiwa kwamba mkaratusi ni pensheni ya mtu mwenye akili: ukiukata, kisiki kinachipua, unavuna tena bila kupanda, na ukiuacha unenepe unauuza kwa nguzo za umeme. Akamwahidi mkewe kwamba siku nguzo za kwanza zitakapouzwa, atavua sare asiivae tena.

Kazi nyingine yeye mwenyewe hakuitaka. Sajini mzima afungulie geti vijana wenye magari? Afadhali ale mlo mmoja kwa siku. Na mlo huo mmoja, tuseme ukweli, nao ulitoka getini Bukoto.

Miaka ikaenda. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya Filda iliumiza magoti, kisha nyayo, kisha kiuno. Hatimaye Ojera akatangaza kwamba miti imekomaa na mnunuzi amepatikana. Filda akaomba ruhusa kazini Jumamosi hiyo, akavaa gauni la kanisani. Alitaka awepo. Hakulala vizuri usiku kucha kwa furaha, na furaha ya mtu aliyechoka ni kitu cha kuogopesha, maana haina akiba.

Mnunuzi alikuwa Husnah, Mnubi wa Bombo, mama mnene mpole aliyerithi biashara ya miti kwa baba yake. Alifika na kitenge chake kizuri na viatu vya matope, akasalimia kwa adabu, akaingia shambani. Miti ilikuwa imenyooka mistari kwa mistari. Ukisimama mwanzo wa safu uliona mti mmoja tu, mingine imejificha nyuma yake. Ojera alitembea pembeni, kifua mbele, mikono nyuma, kama anakagua. Husnah alishika gome la huu, akashika la ule, akatazama juu.

"Mzee," Husnah akasema, "nani alikupimia nafasi ya kupanda?"

Ojera akanyoosha mkono wake wa kulia mpaka ukagusa mti wa pili. "Mimi mwenyewe. Mkono moja, bega kwa bega. Kama gwaride."

Husnah hakucheka. Filda angependa acheke.

"Mzee wangu, askari naenda kula jikoni. Mti nakula pale pale imesimama. Hii yote nakula sahani moja, ndiyo maana iko nyembamba. Nguzo hapa hakuna hata moja. Iko miti ya ujenzi tu, ile fundi napanda juu yake akipiga plasta. Hawakuambia wewe upunguze ingali midogo?"

Ojera akatazama mteremko wa ng'ambo. Hapo Filda akajua.

"Baba Amito. Walikuambia?"

"Jirani alisema. Hata bwana misitu alisema." Sauti ya gwaride ilikuwa imemkauka. "Lakini kuruta hafukuzwi sababu iko mwembamba. Nalishwa, nanenepa. Mimi sijawahi kufukuza kuruta."

Filda akakumbuka magunia ya samadi. Yote yalinunuliwa kwa mshahara wake, na mzee huyu akayamwaga kulisha kundi ambalo lilihitaji kupunguzwa tu. Akaketi chini, gauni la kanisani na vumbi, hakujali.

Husnah akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Njia zilikuwa mbili. Wangeweza kukata yote sasa, wauze kwa mafundi ujenzi, mambo yaishe. Au wangepunguza: miti dhaifu itoke, iuzwe kidogo kidogo kwa mafundi, na matawi kwa wachoma chapati wa Kabalagala, iliyobaki ipate nafasi ya kunenepa. Katikati waweke mizinga, maana nyuki wanalipenda ua la mkaratusi, na asali ina wanunuzi. "Baada ya miaka tano, sita hivi, nguzo utapata. Nakuja mimi mwenyewe."

Miaka sita. Filda alitaka kusema kata yote. Neno lilikuwa mdomoni. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi, na zaidi ya yote alikuwa amelichoka neno vumilia. Lakini aliijua pesa inayokuja kwa mkupuo: ingeitwa msibani kwao Gulu, ingeitwa hospitali, ingeitwa harusini, na isingerudi. Kisha yeye angerudi getini, na mteremko ungebaki visiki.

"Basi sisi nangoja," Ojera akasema, akipata nguvu kidogo. "Miaka sita si kitu. Mama Amito ni mtu ya nguvu, atavumilia."

Filda akainuka. Hakuinua sauti, hakuwa nayo.

"Ndiyo, tutangoja. Lakini Baba Amito, wewe ndiye mwalimu ya kusimama. Geti utasimama wewe. Miti nitakaa nayo mimi."

"Mimi? Geti?"

"Geti. Nitaongea na bosi ya zamu."

Ojera akamgeukia Husnah akitafuta wa kumtetea. Husnah alikuwa ameinamia kiatu chake, anakung'uta tope ambalo lilikwisha kukauka.

Kampuni haikusumbua. Sajini mstaafu kwa mshahara wa askari wa geti, nani angekataa? Ojera aliipiga pasi sare yake mwenyewe, akaipiga tena. Asubuhi ya siku ya kwanza alitoka bila kunywa chai.

Siku hiyo hiyo Filda alikuwa mteremkoni na Otema, fundi wa msumeno. Alimwonyesha mti wa kuanzia, mmoja mwembamba wa safu ya mbele. Ulipoanguka alihisi huruma, akashangaa kuihisi. Ulipoanguka wa kumi alikuwa ameshazoea. Jua lilipopanda simu ikalia, akasogea mbali na msumeno.

"Mama Amito." Ilikuwa sauti ya Ojera, chini chini. "Hapa kiti nawekwa wapi?"

"Kiti hakuna."

"Hakuna kabisa? Hata ndani ya kibanda?"

"Hawataki askari akae. Wanasema analala."

Akasikia geti likifunguliwa, gari likipita, geti likifungwa.

"Na wewe," Ojera akasema, "miaka yote hii ulikuwa nasimama?"

"Nilikuwa nasimama."

Gari jingine likapiga honi, ikabidi aende. Filda akavua viatu, akaketi juu ya kisiki kibichi, akalia kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Otema akazima msumeno, akangoja.